Nilivyokwenda kumtolea mahari mwanamke wa kumbeba mjukuu wangu: aina za surrogacy nilizojifunzia Minnesota

Wakuu, shikamooni mlionizidi, wengine marahaba. Niko Burnsville, Minnesota, na haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mwaka 1969, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki. Nikatolewa darasa la pili kwenda kuchunga ng'ombe za watu, Tarime. Shule yangu iliishia hapo. Wa kucheka mwandiko acheke sasa, tuendelee.

Huku nilikuja mtu mzima. Nikafua mashuka ya wazee wa Kizungu mpaka nikafungua nyumba zangu za kulea wazee. Nina mtoto mmoja tu, Bhoke. Ni nesi.

Uzazi wa kwanza wa Bhoke, mtoto hakupona, na madaktari wakatoa kizazi ili mama apone. Baada ya hapo, Jumapili ya kubariki watoto alikuwa haendi kanisani.

Siku moja akaniambia, "Mama, tunafikiria surrogacy."

Nikamuuliza ndiyo nini.

"Mwanamke mwingine anakubebea mimba."

Nikacheka, wakuu. Hiyo naijua toka kuzaliwa. Bibi yangu Rhobi hakujaliwa mtoto, akatoa ng'ombe, akaoa mwanamke. Sisi Wakurya tunaita nyumba ntobu. Huyo mwanamke akamzaa baba yangu, na baba akawa mtoto wa bibi Rhobi. Habari imekwisha.

Sasa kanisani kuna mama wa Kikongo, Furaha, anakaa Oakdale, ana watoto watatu. Alivyosikia shida ya Bhoke akajitolea mwenyewe kubeba.

Mimi bila kumwambia binti nikavaa kitenge kipya, nikachukua wazee wawili wa Kikurya, tuka-drive mpaka kwake. Nikamwambia mumewe tumekuja kuzungumza ng'ombe.

Akanitazama. "Mama, unakuya kuoa bibi yangu, na miye niko hapa nimeikala?"

Bibi kwa Wakongo ni mke. Furaha alicheka mpaka akashika ukuta. Mumewe hakucheka. Akasema kama mambo ndiyo hayo, hakuna mimba.

Bhoke alilia. "Mama, umeniharibia. Nani mwingine atakubali?"

Akanipeleka kliniki nikaelezwe. Ndipo nikajua ziko aina mbili.

Ya kwanza, yai ni la anayebeba, kwa hiyo mtoto ni damu yake. Hiyo ndiyo ya bibi Rhobi, kasoro ng'ombe.

Ya pili, yai la Bhoke na mbegu ya mumewe zinakutanishwa maabara, halafu mimba inapandikizwa kwa mbebaji. Ukoo wa mbebaji haumo kabisa. Na Bhoke kizazi kilitoka, mayai yake yapo.

Nikamwambia daktari, "Kumbe ni kuku kuatamia mayai ya bata. Wakitoka ni bata."

Bhoke akatafsiri huku anacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia muda mrefu.

Nikarudi Oakdale peke yangu, nikamweleza mume wa Furaha hivyo hivyo. Akasema, "Ile ya bata nimeelewa. Ile ya ng'ombe usirudilie."

Wapo wabebaji wanaolipwa na wapo wa kujitolea. Furaha alijitolea, sisi tukabeba gharama za matibabu. Hata hivyo kila upande ulikuwa na mwanasheria wake, na mambo yaliandikwa kabla ya mimba. Msiruke hapo kwa sababu mnasali pamoja.

Siku ya kujifungua nilikuwa nje ya chumba. Mume wa Furaha akafungua mlango.

"Mama, kuya ubebe bata yako."

Wakuu, funzo langu ni moja: ulizeni kwanza yai ni la nani, ndiyo mvae kitenge. Wenye ndugu waliopitia hii njia semeni hapa chini, na wenye kubeza pia, nawasubiri.

Leo nina nyumba Burnsville, nyumba mbili za kulea wazee Eagan, gari la kazi, gari la kanisani. Na mjukuu, jina lake Rhobi, pua ya Bhoke ile ile.