Asya Alirudi Mgogoni na Swali Jengine

Asya Hafidh wa Madungu alisomesha Kiswahili miaka kumi na tisa kabla ya kupata kazi ya muda ya kukusanya maoni ya wananchi. Kulikuwa na pendekezo la kuhalalisha poka ya mtandaoni, na fomu aliyopewa ilikuwa na swali moja: "Je, unakubali burudani ya karata mtandaoni irasimishwe?"

Huko kijijini Mgogoni hakupata tabu. "Andika ndiyo, mwalimu," watu walimwambia. "Burudani ina ubaya gani?"

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Time, mkulima mtu mzima aliyekuwa akimenya muhogo. Alilisikiliza swali, akaweka kisu chini.

"Burudani hiyo, mtu huweka pesa?"

"Huweka, Bi Time."

"Na akishindwa?"

"Zimekwenda."

"Basi hiyo kamari, mwanangu. Mbona hukusema?"

Asya alikunja fomu yake, akaaga. Aliona haya. Njiani akampigia simu msimamizi wake, Ridha, akaomba swali libadilishwe.

"Swali halibadilishwi," Ridha alisema. "Ukitaja kamari, watakataa hata hawajafikiri."

Asya alilipima hilo, akaona lina ukweli. Basi akakaa akaandika swali lisilopamba wala kutisha: "Poka ni mchezo wa karata unaochezwa kwa simu. Wachezaji huweka pesa. Anayeshinda huzichukua, wanaoshindwa huzipoteza. Unakubali sheria iuruhusu?"

Asubuhi alianza upya, akabisha hodi nyumba zile zile. Wapo waliomwambia anawasumbua. Wengi waligeuza jibu. Bakari, muuza samaki, hakugeuza: "Nasema ndiyo vile vile. Watu wanacheza kwa kificho; bora sheria iwaone." Asya hakuafikiana naye hata kidogo, lakini aliyaandika maneno yake kama yalivyo.

Kwenye mkutano wa kupokea maoni hayo, mjini Mkoani, Ridha alisoma majibu ya mwanzo tu. Asya akasimama, akaomba ruhusa, akasoma maswali yote mawili na majibu yake. Watu wakaanza kunong'onezana. Mwenyekiti wa mkutano akaagiza maoni yakusanywe upya, kwa lugha inayoeleweka.

Mkataba wa Asya haukuendelezwa. Alilia siku moja. Jumatatu akavaa baibui lake, akaenda ofisini kwa mwenyekiti kuomba kuiona fomu mpya kabla haijachapishwa. Akaambiwa aje kesho. Akavuta kiti, akakaa mpaka alipooneshwa.