Kiti cha Chumba cha Kioo

Miaka kumi na mmoja alisimama. Na nikisema alisimama, nina maana alisimama kwelikweli, tangu trei ya kwanza inapotoka jikoni asubuhi hadi jioni anapokung'uta unga kwenye aproni, katika duka kubwa la kampuni yenye matawi ishirini na kitu na kanuni nyingi kuliko mikate. Nyuma ya kaunta yake ya mikate palikuwa na chumba kidogo cha kioo, na ndani yake kiti. Kiti cha msimamizi wa sehemu. Ajabu ya kampuni ile ndiyo hiyo, msimamizi ndiye pekee aliyeruhusiwa kukaa.

Wenzake walimwita Mama Moto. Mikate ikitoka jikoni alipaza sauti, "Moto huo! Moto huo!" mpaka watu waliokuwa wakichagua sabuni upande wa pili wanageuza vikapu. Alikuwa na domo huyo mama, na vicheko vyake vilisikika hadi maegesho ya magari.

Lakini mgongo ulikuwa umekwisha. Mwaka wa pili huo. Jioni alilala kifudifudi sakafuni, binti yake wa miaka sita akapanda juu yake na kumkanyaga taratibu kwa visigino. "Mama, leo umekuja na mgongo wa ubao," mtoto alisema. "Kanyaga, mwanangu, uache maneno," mama mtu akajibu huku machozi yakimtoka. Kazini hakumwambia mtu. Dada mmoja wa sehemu ya nyama aliwahi kuandika kwenye fomu ya afya kwamba kiuno kinamsumbua, na kabla mwezi haujaisha akapewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Kwa hiyo Mama Moto kila mwaka aliandika "sina tatizo" na kutia sahihi.

Msimamizi wa mikate alikuwa anastaafu. Meneja wa tawi alikuja mwenyewe kaunta, akamwekea Mama Moto mkono begani. "Mama, kile kiti ni chako. Nani mwingine? Tunangoja taarifa ya mwisho ya ukaguzi tu, basi." Siku hiyo alipita kwenye chumba cha kioo mara sita bila sababu. Mara ya sita aliingia, akakigusa kile kiti kwenye egemeo, akatoka haraka kama mwizi.

Sasa, palikuwa na kanuni namba tisa: mteja asiwekewe bidhaa. Mkate laini ulitoka saa nne, na kwa robo saa ulikuwa umekwisha, maana watu waliufuata kwa mbio. Na palikuwa na mzee mmoja aliyekuja kila siku na gazeti kwapani, meno hana hata la dawa, hatua zake za kuhesabu. Atashindana na nani kwenye foleni ile? Mama Moto alikuwa akimfichia mmoja chini ya kaunta, nyuma ya karatasi za kufungia. Miaka minne hiyo. Mzee wa Gazeti alifika, akakohoa kidogo, akapewa, akasema, "Ubarikiwe, mwanangu." Yakaishia hapo.

Kila mtu alijua kwamba kampuni hutuma wateja wa siri, watu wanaojifanya kununua kumbe wanakupima. Wafanyakazi walijisifu kwamba wanawanusa kutoka mlangoni. Ni vijana, walisema, wana viatu vinavyong'aa, wanauliza maswali mengi, hawaangalii bei ya kitu chochote. Basi kijana mwenye viatu vizuri akiingia, duka zima lilikaa mkao wa picha. Masikini, hakuna hata mmoja aliyewaza mama mtu mzima mwenye mfuko wa kamba.

Yule mama alikuja Alhamisi sita mfululizo. Hakuuliza maswali ya kazi hata kidogo. Aliuliza, "Umeamkaje? Mtoto mzima?" Alhamisi ya pili akasema, "Usiniite madamu bwana, unanizeesha. Niite shangazi." Na Mama Moto, ambaye shangazi zake wote wameshatangulia, alifurahi kama aliyetunzwa. Alhamisi ya tatu Shangazi akamwona Mzee wa Gazeti akipewa chake. "Na mimi shangazi yako niwekee mmoja basi, mwanangu. Magoti haya hayawezi foleni." Angekataaje?

Alhamisi ya tano Shangazi alimwona anajishika kiuno. Akashusha sauti. "Unaumwa, na unaficha. Niambie mimi." Jamani! Mtu akikuulizia maumivu yako wakati hakuna mwingine aliyewahi kuuliza, utafunga mdomo? Alimwambia yote, mgongo, fomu, visigino vya mtoto. Shangazi akatikisa kichwa, akasema, "Pole, mama. Pole sana."

Wiki mbili baadaye aliitwa ofisini. Alikwenda amepaka mafuta midomoni na kuvaa aproni mpya, akijua anaitiwa kiti. Meneja alikuwa na karatasi, na hakumtazama usoni.

"Mhudumu alinifichia mkate chini ya kaunta mara tatu," alisoma. "Mhudumu huwafichia na wengine. Mhudumu ana maumivu ya mgongo tangu mwaka juzi na aliyaficha kwenye fomu. Mhudumu ni mchangamfu. Aliniita shangazi."

Mama Moto alidakia. "Yeye ndiye aliyeniambia nimwite!"

"Hilo halimo kwenye taarifa."

"Na kwamba yeye ndiye aliyeniomba mkate, limo?"

"Mama, mimi mwenyewe nimeumia."

"Umeumia wapi?" Mama Moto aliuliza. "Nionyeshe."

Meneja alikunja karatasi. Alisema barua ya kumwachisha ameizuia kwa juhudi zake, kwamba atabaki kaunta kwa uangalizi wa mwezi mmoja, na kwamba akifanya kosa jingine la namna ile hataweza kumtetea. Kiti kilikwenda kwa msichana aliyefundishwa kazi na Mama Moto mwenyewe, tangu kushika kisu cha mkate. Msichana alikaa siku ya kwanza akiwa ameinamisha uso. Mama Moto hakumlaumu. Aliyemchoma ni yule aliyemwita mwanangu, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa wiki sita nzima. Kwa hasira akaacha kutangaza mikate. Trei ilitoka kimya, na watu wa sabuni hawakugeuka.

Siku ya tatu, saa nne na dakika tano, Mzee wa Gazeti alifika. Akakohoa kidogo.

Mama Moto alimtazama viatu. Akamtazama mifuko. Mzee alipotia mkono kwenye koti, yeye alishtuka, akidhani anatoa kalamu. Kumbe ni kitambaa cha kufutia macho. Miaka minne anamjua mzee wa watu, leo anamkagua kama mgeni!

"Mzee," alisema, na sauti ilimtoka ngumu kuliko alivyotaka, "panga foleni kama wengine."

Mzee alidhani ni utani, akatabasamu kwa fizi. Kisha akaona si utani. Alikwenda mwisho wa foleni, na mkate laini uliisha watu watatu mbele yake.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujakosa kitu, mzee. Ni kanuni."

"Haya," akasema. Akaondoka na gazeti lake. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa, wala wiki iliyofuata.

Mwezi ulipoisha meneja aliwakusanya wafanyakazi wote wa sehemu ya mikate mbele ya chumba cha kioo, akafungua taarifa mpya kwa bashasha. "Mhudumu amejirekebisha," alisoma. "Nikiwa kwenye foleni nilimwona mteja mmoja mzee akijaribu kupewa upendeleo, naye mhudumu alimkatalia kwa adabu na kwa kufuata kanuni. Alama zote."

Wenzake walipiga makofi. Mama Moto alijifunika uso kwa aproni, akalia palepale, amesimama. Meneja alidhani ni furaha, akaomba makofi mengine.