Kokwa za Mabingwa Wawili

Enzi zetu, sisi tulioletwa wadogo kutoka Unguja hadi Mutrah, pwani ya Waarabu, ubingwa wa mpira haukutafutwa kwenye simu. Ulihesabiwa kwa kokwa za tende, juu ya mkeka, kila Ijumaa baada ya sala. Na mpaka leo sijui nani aliuchukua.

Nilikuwa na babu wawili. Babu Khamis, mzaa baba, alikuwa beki. Babu Seif, mzaa mama, alikuwa winga wa timu pinzani. Wote walicheza msimu wa mwanzo wa ligi ya nchi nzima, huko Unguja, baina ya vita vikuu viwili, peku peku. Na wote wawili, kwa maneno yao, walikuwa mabingwa. Hapo ndipo akili yangu ilipokwama.

Bibi, mke wa Babu Khamis, akishaleta kahawa, hesabu inaanza. Ushindi kokwa mbili, sare moja. Babu Khamis anapanga zake upande wa dirisha, Babu Seif upande wa mlango. Sisi wajukuu katikati kama marefa, midomo inanata halua, chumba kizima kinanuka iliki. Mimi nilihesabu mara mbili, tabia ambayo wauza nguo wa sokoni wananilaani kwayo mpaka leo. Hesabu ya kwanza, bingwa Babu Khamis. Ya pili, Babu Seif. Nilidhani sina akili, mpaka nilipogundua kuwa anayezidiwa hula tende nyingine, akaongeza kokwa upande wake.

“Hiyo mechi gani tena, Seif?”

“Ile ya mvua. N'likupiga chenga ukakaa chini kama unangoja chai.”

“N'liteleza!”

“Wapi? Uwanja ulikuwa mkavu.”

“Si ushasema ya mvua?”

Siku moja akaja mgeni, mzee aliyeutazama msimu ule wote. Nikamrukia: “Babu, nani alichukua kikombe?” Kabla hajafungua mdomo, Bibi keshamjazia kahawa. “Kunywa, Sheikh. Mtoto huyu ana homa.” Sikuwa na homa.

Kisha Babu Khamis akaugua, mkekani hakai tena. Babu Seif akaja Ijumaa na sahani ya tende, akakaa ukingoni mwa kitanda. “Khamis, n'shafikiri sana. Mlishinda nyie.”

Nikasema, alhamdulillahi, leo nitalala na jibu. Babu Khamis akanyanyua kichwa. “Muongo mkubwa we! Lile bao ulilotufunga mwisho lilikwenda wapi? Mlishinda nyie!”

“Nyie!”

“Nyie, wallahi!”

Bibi akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Ijumaa iliyofuata Babu Khamis hakuikuta. Babu Seif alikuja vilevile, akapanga kokwa upande wa dirisha, kisha upande wa mlango, peke yake, akawa anazitazama.

Leo hapa Al Khuwair, si mbali na Mutrah, wajukuu zangu wanayajua matokeo kabla mpira haujatulia wavuni. Wanagombana kwenye simu na watu wasiowajua, na jirani wa mlango wa pili hawajui hata jina lake. Ijumaa iliyopita niliwapangia kokwa, nikawahadithia msimu ule. Mdogo wao akainua macho kwenye simu.

“Sasa Babu, nani alishinda?”

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Kisha nikala tende nyingine.