Mafuta kwenye Upinde wa Babu Lin

Juzi nilikuwa nampaka binti yangu mafuta ya nazi kichwani, harufu ikanirudisha utotoni Doha, mtaa wa Al Mansoura, chumbani kwa Babu Lin, jirani yetu Mchina, gwiji wa zeze la nyuzi mbili.

Alasiri ile alikuwa bafuni, akijiandaa kwenda kupiga hotelini. Nywele za farasi za upinde wake wa kupigia zeze zilikuwa kavu, zina vumbi jeupe, kama zangu kabla Mama hajanipaka mafuta. Nikazionea huruma. Nikazipaka mafuta ya nazi, nikazichana.

Babu akatoka bafuni, akavuta upinde. Zeze halikulia. Akavuta tena.

“Zilikuwa kavu, Babu,” nilimweleza, kwa Kiswahili asichokielewa.

Sasa najua vumbi lile lilikuwa utomvu wa msonobari. Bila huo, upinde huteleza tu. Wala hakuwa na upinde mwingine.

Babu akaninusa vidole. Kisha akasema neno pekee la Kiswahili alilofundishwa na Mama:

“Asante.”