Tairi za Kumbeba Mama Mkwe

Mke wangu aliniwekea sharti: nimrudishe mama yake Muhoroni kwa kigari changu, na mama akishuka na lalamiko hata moja, kigari kinauzwa. Mama alilijua sharti hilo. Kigari chenyewe ni cha michezo, chekundu, viti viwili tu, na ukikaa ndani makalio yanakaribia lami. Nakipenda kuliko inavyomfaa mtu mzima mwenye upara.

Lalamiko pia lilijulikana: kelele. Tairi zangu kuukuu zilinguruma hivi kwamba mtaa wetu mzima wa Migosi ulijua nimefika kabla sijakata kona. Nikaenda dukani. Nilizikwaruza mpya kwa kucha, nikazinusa, nikapiga magoti kuangalia meno yake.

"Boss, unataka ya kukaa kimya ama ya kushika barabara?" muuzaji akauliza.

"Zote mbili."

"Hizi za meno kubwa zinashika matope, lakini kwa lami zinapiga kelele. Chukua hii ya meno ndogo, mpira yake ni laini. Lakini itaisha haraka."

"Iishe," nikasema.

Nilichosahau ni adabu. Kwetu na kwao, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Miaka tisa tulikuwa tumeamkiana huku kila mmoja akitazama ukuta. Sasa tulikaa bega kwa bega, na tairi mpya hazikutoa hata mnong'ono. Nilisikia saa yake ya mkononi. Nilisikia tumbo langu likihutubia taifa. Nilijuta kununua ukimya kwa hela yangu mwenyewe.

Tulipopita Ahero, mama akampigia mke wangu simu, akaiweka spika.

"Mwambie huyo anaendesha apunguze speed."

"Amesema upunguze," simu ikasema.

"Mwambie nimepunguza."

"Mama, amesema amepunguza."

"Nimesikia," mama akajibu, akitazama dirisha lake. Simu hakuikata. Tukaenda hivyo, watu watatu katika viti viwili.

Karibu na Muhoroni mvua ikashuka. Trekta iliyojaa miwa ikachomoka shambani bila taa wala aibu. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tairi zikaing'ata lami, kigari kikasimama, na majani ya miwa yakawa yanapangusa kioo chetu cha mbele. Mama alikuwa ameukumbatia mkono wangu. Mke wangu alikuwa anapiga mayowe kutoka Migosi.

Mama akauachilia mkono, akaweka kilemba chake sawa.

"Mwambie gari asiuze," akaiambia simu.

Ningeweza kushuka nikazibusu tairi zote nne. Lakini alikuwa amegeuka, ananitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimuoe binti yake.

"Baba, umeumia?"

Nikaona haya, nikaiinamia simu. "Mwambie niko sawa."

Akaikata.

"Niambie mimi," akasema.