Mawakili wa Uskoti Walioniposea Mke Kista

Mke wangu niliposewa na mawakili tisa wa Uskoti ambao walidhani wanafanya maigizo.

Sijakosea kuandika. Uskoti. Kule ambako mwanamume anavaa sketi ya drafti na hakuna anayemuuliza kitu.

Najua baadhi yenu mnaoishi Stockholm mmeshaisikia hii stori kwenye harusi za watu, ikisimuliwa ovyo ovyo. Kuna wanaosema niliwakodi wale wazungu. Uongo mtupu. Leo naisema mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi.

Naitwa Heshima. Nimezaliwa Uvira, Kongo, ukimbizi ukanilea Nairobi, kisha Uswidi. Mwaka 2009 nilikuwa dereva wa basi, naishi Sundbyberg na mama yangu, Mama Célestine.

Nikampenda Annick.

Annick ni Mrundi wa Jordbro, mwanafunzi wa uuguzi, mcheshi lakini akikukazia macho unajikuta unaomba msamaha kabla hujakosea. Baba yake alifariki zamani. Aliyemlea ni baba yake mdogo, mzee Juvénal, na mkewe Gaudiose.

Sasa huyo Juvénal, aisee.

Mwaka mzima alitupiga danadana. Tukiomba kwenda kujitambulisha, mara theluji, mara mfungo, mara goti linauma. Mwishowe akakubali, ila kwa sharti: si kwake, si kwetu. Alitaka mahali pasipo na upande.

Binamu yangu Josiah alikuwa anafanya kazi kwenye hoteli moja huko Kista. Akatutafutia chumba cha mikutano, Jumamosi moja mwishoni mwa Oktoba. Vyumba vya pale vimepewa majina ya miti. Chetu kiliitwa Aspen. Cha jirani kiliitwa Asken.

Mnaanza kuona balaa linakotokea.

Kwetu anayeposa hafungui mdomo. Anakaa, anainamisha kichwa, msemaji wake ndiye anaongea. Msemaji wetu alikuwa mjomba Évariste. Nusu ya Wakongo wa mji huu wameoa kwa mdomo wa yule mzee.

Saa nne ikafika. Wao wapo. Juvénal na koti lake jeusi, Gaudiose na kitenge chake, Annick pembeni. Kwa desturi Annick hakutakiwa hata kuwemo, ila yeye ndiye aliyemwendesha baba yake mdogo kutoka Jordbro, na mzee hakutaka abaki peke yake kwenye gari na baridi ile.

Upande wetu? Mimi na mama. Basi.

Évariste hayupo. Simu haipatikani.

Tukatabasamu. Tukanywa kahawa. Tukatabasamu tena.

Juvénal akakohoa. "Mama Heshima, mmekuja kuposa au kupumzika?"

"Kaka yangu yuko njiani, mzee. Treni zinasumbua."

"Treni zinasumbua," Juvénal akarudia, taratibu, kama anaonja chumvi. "Mimi nikisimama hapa ndiyo nimekwenda. Na sitaitwa tena."

Nikaona mikono ya Annick inakunja kitambaa cha meza. Nikajua mzee hatanii. Akasogeza kiti nyuma, akashika meza ili ainuke.

Mlango ukafunguliwa.

Wakaingia wazungu. Mmoja, wawili, wanazidi tu kuja. Suti nyeusi, mafaili makwapani, vibandiko vya majina kifuani. Aliyewaongoza alikuwa babu mwenye ndevu nyekundu na, Mungu ni shahidi yangu, sketi.

Akasema jambo kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza nimekisoma Nairobi, lakini cha huyu kilikuwa kinakwaruza. Mama akanisukuma kwa kiwiko: tafsiri!

"Anasema... wao ni mawakili kutoka Uskoti. Wanaomba radhi kwa kuchelewa."

Juvénal akamgeukia mama polepole. "Mmeleta mawakili?"

Mama akaniangalia mimi, akaangalia saa ukutani, akaangalia ule mlango ambao Évariste hakuwa anaingia.

"Ndio wasemaji wetu," akasema.

Nusura nimeze kijiko.

Ngoja niwaeleze kitu nilichokuja kukijua baadaye. Kule Uskoti wakili hamalizi shule. Kila mwaka lazima ahudhurie semina za kujinoa, na saa zake zinahesabiwa. Mwaka wao wa semina ulikuwa unaishia mwisho wa Oktoba. Hawa walikuwa wamezembea, saa hazijatimia, wakajiandikisha haraka kwenye semina ya usuluhishi hapa Stockholm. Na ratiba yao ilisema asubuhi kuna zoezi la majadiliano, kwa kuigiza.

Wakaingia Aspen badala ya Asken. Wakaona watu wamevaa vizuri, wamekaa pande mbili, wamenuniana.

Wakadhani ni waigizaji. Tena wakasifu kwamba tunaigiza vizuri.

Babu wa sketi aliitwa Murdo. Akaniinamia. "Sisi tuko upande gani?"

Nifanyeje? "Upande wa bwana harusi," nikamwambia.

Akasugua viganja. "Safi sana! Na bwana harusi ni yupi?"

"Mimi."

Hapo mama mmoja mwembamba wa kundi lao, Ishbel, akainua kalamu. "Hapana, hapana. Mwenye shauri hawezi kuwa mkalimani wa shauri lake. Mgongano wa maslahi. Tafuta mwingine." Akamwelekeza Annick. "Yule dada anajua Kiingereza?"

Sijafungua mdomo, Annick kashasimama.

"Ninajua," akasema.

Tazameni hapo. Bibi harusi mtarajiwa ndiye anakuwa mkalimani kati ya baba yake mdogo na wasemaji wa mchumba. Juvénal Kiingereza hajui hata salamu. Mama yangu vilevile. Wanaojua Kiingereza chumba kizima ni wazungu, Annick na mimi. Na mimi sina ruhusa ya kusema.

Juvénal akarudi kitini. Akafunga vifungo vya koti. "Sawa. Nataka ng'ombe. Mwenye pumzi. Sitaki bahasha iliyoandikwa ng'ombe."

Annick akatafsiri vizuri, neno kwa neno.

Wale mawakili wakachangamka, msiniambie. Mmoja akauliza, ng'ombe akizaa njiani, ndama ni wa nani? Mwingine, akifa kabla ya kukabidhiwa, hasara ni ya nani? Kijana mmoja mwenye miwani akasema kwa Ulaya ng'ombe lazima awe na pasipoti. Ishbel akataka ng'ombe aelezwe: dume au jike, rangi gani, pembe zikoje.

Juvénal akaanza kunyooka mgongo. Tangu aje Uswidi hakuna aliyempa ng'ombe wake heshima kama ile. Alijibu kila swali. Pembe alizionyesha kwa mikono miwili.

Murdo akapiga meza. "Kaka yangu ana shamba. Anao ng'ombe wekundu wenye manyoya mpaka machoni. Jike mmoja tunamwandika jina la mzee huyu leo hii, anabaki kule akilishwa kwa gharama yetu."

Annick akatafsiri. Juvénal akatikisa kichwa taratibu. "Wana manyoya mpaka machoni?"

"Mpaka machoni, baba mdogo."

"Basi hilo limepita."

Nikapumua. Kumbe kimbembe bado.

Murdo akamgeukia mama yangu. Alitaka kujua mteja wake anataka nini. Mama akamwita Annick karibu, akamnong'oneza kwa Kiswahili, Juvénal asisikie: harusi Desemba hii hii, na mkwe ahamie kwake Sundbyberg, chumba kipo.

Annick akageuka, sura imetulia kama maji ya mtungini, akawaambia wale mawakili kwa Kiingereza: "Anasema harusi ifanyike bibi harusi akimaliza masomo yake. Na wataishi nyumba yao wenyewe."

Kahawa ikanipalia.

Mama akamwangalia. "Umewaambia?"

"Nimewaambia, mama."

Murdo akasimama, akashika koti lake kifuani, akautetea msimamo huo kwa Juvénal kama yuko mbele ya jaji. Elimu kwanza! Nyumba yao! Annick akautafsiri kwa Kiswahili bila kupunguza hata nukta.

Mama yangu akabaki mdomo wazi. Angefanya nini? Hao ni wasemaji wake. Kasema mwenyewe. Akinyanyuka kuwapinga, uongo wake unamwagika mezani. Akafunga mdomo, akanifinya paja. Paja lilikaa na alama.

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa naogopa, lakini pia, niseme ukweli, lile alilolisema Annick lilikuwa jipya kwangu. Mwaka mzima tunapanga ndoa, sikuwahi kumuuliza harusi anaitaka lini.

Kisha Ishbel akauliza swali kavu la kiwakili: je, upande wa pili una jambo jingine lolote kabla ya kufunga?

Annick akamgeukia Juvénal. Sauti ikabadilika.

"Wanauliza," akasema, "hofu yako hasa ni nini, baba mdogo? Mbali na ng'ombe."

Hilo hakuna aliyeliuliza. Nilikuwepo nasikia kwa masikio yangu, halikuulizwa.

Juvénal akatazama mikono yake.

"Waambie," akasema, "huyu mtoto ndiye mdomo wangu. Nikienda hospitali, yeye. Nikienda ofisi za kazi, yeye. Simu ikilia kwa Kiswidi, nampa yeye. Nchi nzima hii mimi naongea kupitia kwake. Leo wanakuja kumchukua, mimi nabaki nani? Bubu wa Jordbro?"

Gaudiose akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Annick akawageukia Waskoti. Alichosema ni hiki: "Anasema hakuna jambo jingine."

Wale wakaandika.

Kisha akamrudia mzee kwa Kiswahili: "Wanasema Annick atakuja Jordbro kila Jumatano. Haijalishi anaishi wapi. Na simu atapokea saa yoyote. Wanasema hilo haliombwi, limeshakubaliwa."

"Wazungu wamesema hivyo?"

"Wamesema hivyo."

Juvénal akainuka, akampa Murdo mkono. "Tumekubaliana."

Vigelegele! Gaudiose alivitoa, mama akaitikia, mawakili wakapiga makofi. Fanta zikafunguliwa.

Mlango ukafunguliwa tena.

Mjomba Évariste. Amevaa suti ya kaki, amemshika mkono mkewe Denise, na nyuma yao mzee wa Kiswidi mrefu amebeba kompyuta. Évariste alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Mama Heshima! Nimemaliza kila kitu! Yule mshenga wao Mswidi ni mtu muungwana sana!"

Kumbe walikuwa Asken asubuhi yote, simu wamezima kwa adabu. Mswidi alikuwa mwalimu wa semina. Alitegemea kundi la Waskoti, akapata Wakongo wawili, na kwa ustaarabu wake wa Kiswidi akaona si vizuri kuuliza. Kafundisha usuluhishi muda wote huo. Kila alipouliza swali, Évariste alijibu, "Sisi tunamtaka binti, hatutaki ugomvi." Mwalimu akamsifu kwa msimamo ulio wazi. Na vyeti akawapa.

Juvénal akaweka Fanta chini.

"Kama msemaji ni huyu," akasema, "hawa ni nani?"

Mama akaanza kulia. Ikabidi nisimame, desturi au si desturi, niseme yote, kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza.

Murdo akawa mwekundu kuliko ndevu zake. "Subiri. Hawa wanaoana kweli?"

"Kweli."

"Mungu wangu. Kaka yangu hana ng'ombe hata mmoja. Anauza mazulia."

Annick hakuwa na la kupindisha tena. Akamtafsiria baba yake mdogo kama lilivyo.

Juvénal akamtazama yule binti. "Na wewe. Yale uliyokuwa unasema yalitoka kwa nani?"

"Mengine kwao," Annick akasema. "Mengine kwako. Mengine yangu."

"Na Jumatano?"

"Yangu, baba mdogo."

Mzee akachukua kofia. Nikasema basi, nimekwisha. Akaenda mpaka mlangoni. Pale mlangoni mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Mazulia!" akasema. "Mazulia!" Akashika ukuta. Annick anasema hajawahi kumwona akicheka hivyo tangu Bujumbura.

Gaudiose, ambaye asubuhi yote hakuwa amesema neno, akamwambia, "Rudi ukae, Juvénal. Umeshasema mmekubaliana mbele ya mawakili tisa. Kesi hiyo utaishindia wapi?"

Akarudi. Akakaa.

Tulifunga ndoa kiangazi cha 2011, Annick akiwa tayari muuguzi. Tuliishi kwetu wenyewe, na mama alininunia mpaka mjukuu wa kwanza. Waskoti nao yule mwalimu aliwafundisha mchana ule mpaka giza, wakaondoka na saa zao. Évariste hadi leo ana cheti ukutani kwake, akiulizwa anajibu, "Niliwahi kusomea sheria."

Fundisho? Ninalo moja tu.

Siku ile tulijaa mle ndani, na kila mmoja alikuja kumsemea mtu mwingine. Mama alinisemea mimi, Juvénal alimsemea Annick, wazungu walitusemea wote. Na mwenye ndoa yake ilibidi ajifiche kwenye ukalimani ndiyo apate nafasi ya kusema anachotaka.

Ndugu yangu unayejiandaa kwenda kuposa, kabla hujatafuta msemaji, mkalishe huyo binti jikoni kwenu umuulize, wewe unataka nini?

Halafu unyamaze, umsikilize.