Kukunja Kiwanja cha Baba

Shuleni kwetu hapa Kalemie, ambako nafundisha mwaka wa tatu wa msingi, nasifika kwa jambo moja: kukunja karatasi sehemu tatu zilizo sawa bila rula. Nusu ni rahisi, kila mtu anaiweza. Robo ni nusu iliyokunjwa tena. Lakini theluthi inataka subira. Unaiviringisha karatasi iwe kama herufi S, unaichungulia ubavuni, unavuta huku, unasukuma kule, na huminyi kwa ukucha mpaka kingo zilingane. Nikifanya hivyo, watoto sitini wananyamaza. Sioni aibu kusema kwamba naupenda ukimya ule.

Kwa hiyo matanga ya Baba yalipokwisha, na baba mdogo akauliza ni nani atatugawia kiwanja, nilijibu kabla hajafunga mdomo. Warithi tulikuwa watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu wa kiume anayesafirisha samaki kati ya hapa na Moba, na kitindamimba wetu, dada aliyebaki nyumbani akamwogesha na kumlisha Baba miaka yote ya ugonjwa. Kiwanja ni kirefu, kinaanzia barabarani na kuteremka mpaka ziwani. Nyumba ya Baba, ambamo kitindamimba aliishi na wanawe wawili, ilikuwa chini kabisa, karibu na maji.

Nilikata karatasi ikafanana na kiwanja, nikaandika “barabara” upande mmoja na “ziwa” upande wa pili. Nikaikunja kwa mapana, sehemu tatu. Baba mdogo alizipima kwa vidole akaitikia kwa kichwa. Nikagawa: sehemu ya barabarani yangu, maana mimi ni mkubwa, ya katikati ya mdogo wangu wa kiume, ya chini ya kitindamimba.

“Nyumba njo iko kule,” nilisema, kana kwamba nimempendelea.

Niseme ukweli. Pale barabarani nilikuwa nimeshajenga duka kichwani, duka la milango mitatu, yote nimeipaka rangi ya buluu. Na maji nilikuwa nayaona. Miaka hii ziwa linapanda. Lilikwisha kumeza choo, na siku ile lilikuwa linalamba ukuta wa jikoni. Niliyaona, nikajiambia hesabu ni hesabu.

Kitindamimba hakupiga kelele. Aliacha shule mapema, lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Aliiokota karatasi mkekani.

“Yaya, mu hii karatasi yako maji haiko,” alisema, akiniita kama tunavyomwita dada mkubwa. “Miye na watoto, kila usiku tunasikilizaka maji ku mulango. Hatulale.”

Akachana ukanda wa upande wa ziwa, taratibu, mpaka karibu na mkunjo wangu. Akanionyesha kilichobaki cha sehemu yake: upana wa kidole.

“Sasa kunja tena, Mama mwalimu.”

Hasira zilinipanda. Nilimwambia hana adabu, karatasi ya urithi haichanwi, na kama ni mjuzi basi agawe yeye. Nilisema mengi. Mwishowe mdogo wangu wa kiume akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, “Yaya, kunja tu.”

Niliona haya. Niliichukua karatasi nikaanza kuiviringisha, nikaifungua, nikaiviringisha tena. Nikikunja kwa mapana, kipande cha chini kingebaki chake yeye, na mwakani ziwa lingekuja kukidai. Ndipo nikaigeuza karatasi, nikaikunja kwa urefu: vipande vitatu vyembamba, kila kimoja kikianzia barabarani na kuishia majini.

“Duka yako haitaingia humo,” alisema mdogo wangu wa kiume. Kumbe mpango wangu ulikuwa unajulikana.

“Haitaingia,” nilijibu. Iliniuma, na sitajifanya kwamba haikuniuma.

Kitindamimba alichagua kipande cha katikati. Nyumba ya Baba tuliibomoa sisi wenyewe kabla ziwa halijaibomoa, tukapandisha matofali kichwani siku tisa, na mimi nikalalamika siku zote tisa. Yakatosha vyumba vyake viwili kando ya barabara. Kwenye kipande changu nimepanda lengalenga, na wanafunzi wangu wakipita wananitania kwamba mwalimu amekuwa muuza mboga.

Mvua za mwaka huu zilipokwisha niliteremka kupima. Ziwa limepanda tena, hatua nne. Limechukua nne kwangu, nne kwa mdogo wangu wa kiume, nne kwa kitindamimba. Nilipanda kwake haraka ili nimwambie, nikamkuta kwenye mkeka, mchana kweupe, amelala usingizi mzito na watoto wake. Nikamwacha alale.